IRS wanataka marekebisho ya 401(k) yenye sahihi, sisi tuna nakala tupu

Mkuu, umesema ofisi yenu inafunga 401(k), yaani mpango wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, mnaandaa Fomu 5310 kuomba barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya kuthibitisha kwamba mpango unafuata sheria, na marekebisho mawili ya zamani ya hati ya mpango hamna yenye sahihi. Hilo lilinikuta nikishughulikia mafao kwenye kampuni ndogo hapa Marekani.

Rekebisho letu moja lilikuwa la sheria ya pensheni ya 2006, lililotakiwa kusainiwa kufikia mwisho wa 2009. Nilifungua faili nikakuta kibandiko cha manjano cha "saini hapa" bado kimeganda, na mstari wake mtupu. Bosi aliapa alisaini. Labda alisaini nakala nyingine, nani ajuaye.

Anzeni kutafuta nje ya ofisi. Nakala yenye sahihi ya hilo la 2009 tuliipata kwa mhasibu aliyekuwa akikagua hesabu za mfuko. Alikuwa ameskani kila kitu. Ulizeni pia aliyewaandikia mpango, wakili wa zamani, na wanaotunza fedha. Pekueni baruapepe na mihtasari ya bodi. Muhtasari unaosema "tumepitisha" si sahihi, ila ni afadhali kuliko mikono mitupu.

Kuna watakaokutajia kesi ya Val Lanes ya 2018, Mahakama ya Kodi ilipokubali kwamba marekebisho yalisainiwa ingawa nakala zenye sahihi hazikupatikana. Ni kweli, lakini hao walifika mahakamani baada ya IRS kuwakatalia. Una hela ya wakili wa kiasi hicho?

La pili hatukulipata kabisa. Bosi akapendekeza tusaini kwa tarehe ya zamani. Nikamwambia, bosi, sasa hivi tuna kosa la karatasi, ukifanya hivyo tutakuwa na kesi ya kughushi. Tukasaini kwa tarehe ya siku ileile, kisha tukajisalimisha wenyewe kupitia VCP, utaratibu wa IRS wa kusahihisha makosa ya mpango kwa hiari: Fomu 8950 kwenye tovuti ya Pay.gov, maelezo ya kilichotokea, na ada inayotegemea ukubwa wa mfuko.

Kwenye VCP msichelewe. Mkaguzi wa 5310 akishawaarifu kwamba ameona kasoro, hamwezi tena kuingia huko. Mtabaki kuzungumzia faini, nayo huzidi ile ada. Sisi tulipeleka VCP kwanza, 5310 ikafuata na maelezo hayohayo.

Hebu tuambie, hati ya mpango wenu ni ile ya kampuni iliyokwisha kuidhinishwa na IRS, ambayo mnajaza tu fomu ya kujiunga, au mliandikiwa na wakili? Kama ni ya kwanza, mwenye hati hiyo huenda alisaini baadhi ya marekebisho kwa niaba ya waajiri wote. Mpigie kesho asubuhi.