Ganzi ya Miguu na Matatizo ya Tumbo: Gesi Haihusiki

Ingia duka la dawa lolote kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea, sema tumbo linajaa na miguu inakufa ganzi. Mara nyingi utajibiwa kwamba ni gesi, imepanda na sasa inatembea kwenye mishipa. Gesi ya tumbo haina njia ya kufika vidoleni. Inatokea juu au inatokea chini, basi. Ila mgonjwa anayehisi kwamba tumbo lake na ganzi yake vinahusiana mara nyingi hajakosea. Kinachomsaidia kuujua uhusiano huo ni muda: je, ganzi ilikuja dakika, siku au miezi baada ya tumbo kuanza kusumbua?

Tuanze na ya dakika, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua. Mtu amekula samaki, na ndani ya dakika 10 hadi 45, au saa chache baadaye, midomo na ulimi vinawashwa kisha vinakufa ganzi. Hapo mfikirie bunju, yule samaki anayejivimbisha. Sumu yake iko kwenye maini, mayai, utumbo na ngozi, na haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Baada ya ganzi hufuata kutapika, kulegea, na mwishoni misuli ya kupumua kugoma. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hii. Kinachookoa maisha ni kusaidiwa kupumua hospitalini mpaka mwili uitoe wenyewe, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua kama siku moja. Kwa hiyo usipoteze muda kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali, na bebeni mabaki ya samaki. Waliokula naye waende pia, hata kama bado wanajisikia wazima.

Ganzi nyingine ya dakika haina hatari: mtu amebanwa na tumbo, anapata hofu, anapumua haraka haraka, kisha midomo na vidole vinawashwa. Akipumua polepole kwa dakika chache, inaisha. Asiyekuwa na uhakika alikula nini asijipe jibu hili.

Ganzi ya siku huja na kuharisha au kutapika sana. Mwili umepoteza potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, ndipo misuli inakaza na vidole vinachomachoma. Tumia ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) ya pakiti, kwa sababu ina potasiamu. Ile ya nyumbani ya sukari na chumvi haina. Pakiti nyingi zinazouzwa ni za lita 1 ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita zilizojaa, lakini soma maelezo kwanza. Kosa la kila siku ni kumimina pakiti nzima kwenye glasi moja. Chumvi ikizidi hivyo inavuta maji kuingia kwenye utumbo na kuharisha kunaongezeka.

Kuna hali inayowapita wengi: kuharisha kumeisha, mtu amepona, halafu wiki 1 hadi 3 baadaye nyayo zinaanza kuchomachoma miguu yote miwili, na ganzi inapanda pamoja na udhaifu. Leo anashindwa kuinuka kwenye kigoda, kesho mikono. Huo ni ugonjwa wa Guillain-Barré. Kinga ya mwili iliyopambana na bakteria wa tumboni, hasa Campylobacter anayepatikana kwenye kuku asiyeiva vizuri, imegeukia mishipa ya fahamu. Usisubiri kuona kama itatulia. Zahanati impe rufaa mara moja, iwe hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kwa sababu udhaifu unaweza kufika kifuani.

Sasa ya miezi, na humu ndimo walimo wengi.

Vitamini B12 ndiyo ya kwanza kufikiria. Asidi ya tumbo huitoa kwenye chakula, kisha protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo huibeba hadi mwisho wa utumbo mdogo, ambako inafyonzwa. Tatizo likitokea popote kwenye safari hiyo, B12 inakwenda na choo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku na ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo ganzi inayoonekana leo inaweza kuwa na chanzo cha miaka mitatu iliyopita. Huanzia nyayo zote mbili kwa pamoja. Mgonjwa anayumba akitembea gizani au akifumba macho wakati wa kunawa uso, ulimi unakuwa laini na mwekundu, na kusahau kunaongezeka.

Jiografia inatusaidia kidogo hapa. Pwani ya Lindi na Mtwara ina pweza, chaza na dagaa, vyote vyenye B12 ya kutosha. Anayekula hivyo kila wiki na bado ana upungufu, shida yake kwa kawaida haiko kwenye sahani. Iko kwenye ufyonzaji. Mtu wa Newala au Tandahimba, mbali na bahari, anayekula ugali wa muhogo kwa kisamvu, na samaki ni wa nadra, anaweza kupungukiwa kwa sababu mimea haina B12 kabisa.

Dawa nazo zina sehemu yake. Omeprazoli ikitumiwa zaidi ya miaka 2 hupunguza asidi inayoitoa B12 kwenye chakula, na wapo wanaojinunulia tu kila mwezi bila kupimwa. Metformini ya kisukari hupunguza ufyonzaji. Usiiache, omba kupimwa B12. Metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, ikizidi wiki 4 inaweza kuumiza mishipa ya fahamu yenyewe. Anayeimeza wiki hii, akapumzika, akairudia kila tumbo likikoroga, ahesabu vizuri. Anayetumia dawa za TB zenye isoniazidi anatakiwa apewe vitamini B6 pamoja nazo.

Lakini B6 hiyo hiyo ikizidi ni tatizo. Vidonge vingi vinavyouzwa kama dawa ya mishipa vina miligramu 100 hadi 200 za B6 kwa kidonge, kipimo ambacho kikiendelea kwa miezi huweza kuleta ganzi ile ile uliyokuwa unaitibu. Soma boksi.

Ukienda kupima, mpangilio una maana. Damu ya B12 itolewe kabla ya sindano yoyote ya vitamini. Baada ya sindano majibu yatasoma juu hata kama mishipa ina njaa. Kwenye FBP (kipimo cha picha nzima ya damu) angalia MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu: ikizidi 100 ni dalili ya upungufu wa B12 au foliki (vitamini B9), ila ikiwa kawaida haiuondoi, hasa kwa mwenye upungufu wa madini chuma pia. Usitibu upungufu wa damu kwa foliki peke yake kabla ya kujua B12 ikoje. Damu itapanda, mtu atapendeza, huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika. Kwa H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, omba kipimo cha choo au cha pumzi, na uwe umeacha omeprazoli wiki 2 na antibayotiki wiki 4. Kile cha damu hakitofautishi maambukizi ya sasa na yaliyopita.

Pima na sukari. Kisukari huharibu mishipa ya miguu na ya tumbo kwa pamoja, kwa hiyo shibe isiyoshuka, kuharisha usiku na nyayo kuwaka moto huweza kuwa ugonjwa mmoja. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, hiyo ni dalili ya kisukari, si ya vidonda vya tumbo. Pima VVU pia kama hujui hali yako.

Msimu wa mabibo ukifika, uraka na gongo vinaingia kwenye hesabu. Pombe inaunguza tumbo na kuumiza mishipa, na anayekunywa sana hali chakula, hivyo vitamini B1 inaisha. Mama mjamzito anayetapika wiki kadhaa naye anaikosa. Kliniki wampe B1 kabla ya dripu ya sukari.

Muhogo mchungu una sayanaidi. Ikizidi sana huleta konzo, ambayo Mtwara inaijua: miguu yote miwili hukakamaa ghafla bila kupoteza hisia. Kula kidogo kidogo kwa miaka, bila samaki wala kunde, huleta ganzi na kuungua nyayo. Mihogo ivundikwe siku 3 hadi 5 kabla ya kuanikwa. Unga wa makopa yaliyoanikwa tu uupunguzie sumu hivi: weka kwenye bakuli, weka alama usawa wake, ongeza maji ukikoroga mpaka unga ulioshuka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo.

Ganzi ya mguu mmoja tu, au ya doa kwenye ngozi lisilohisi pini, kwa kawaida haihusiani na tumbo. Doa hilo lipelekwe kituoni likapimwe ukoma. Dawa ni bure.

Ukigundulika na upungufu wa B12 wenye ganzi, tiba huanza kwa sindano za miligramu 1, siku moja ndiyo, moja hapana. Kuchomachoma kunaweza kuongezeka kidogo wiki za kwanza, na wengi huacha hapo wakidhani dawa imewakataa. Endelea. Nafuu ya mishipa huja kwa wiki hadi miezi 6, na kilichobaki baada ya mwaka mara nyingi hakirudi.