Kuirekebisha Jimny Nyumbani kwa Ajili ya Njia Mbovu: Usianze na Urefu

Wengi wanaoagiza Suzuki Jimny iliyotumika kutoka Japani na kuileta hapa Arusha huanza na swali moja: niinyanyue kwa kiasi gani? Huniuliza kwa sababu Jimny yangu nimeirekebisha mwenyewe uani, kwa spana za kawaida, jeki mbili na stendi za kuegemezea gari, na jibu langu huwa haliwafurahishi, kwani kwa maoni yangu urefu ni jambo la kufikiria baada ya mengine kadhaa. Gari hili hupita penye korongo na mchanga kwa sababu ni fupi na jepesi. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kukifunga kinapaswa kupimwa kwanza kwa uzito wake, kisha kwa kazi nyingine kitakazokuletea.

Ninazungumzia hasa Jimny ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2018, yenye injini ya lita 1.3 au ile ndogo ya cc 660 yenye tabo. Ina chasi ya fremu, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za mviringo kwenye pembe zote nne na gia ya 4L, yaani ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi, magurudumu yote manne yakivuta. Mwenye Suzuki ya zamani yenye springi za majani atafaidika na mpangilio huu wa kazi, ingawa vipimo vyake ni tofauti.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha gari ulilonalo ni zima. Inua ekseli ya mbele kwa jeki, iegemeze kwenye stendi, kisha shika tairi juu na chini na ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi ya gurudumu. Ukiendelea kuwapo, kagua beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia. Jambo hili ni muhimu kwa sababu Jimny nyingi zenye usukani unaotetemeka kwa nguvu katika mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa zina kingipini au bushi (mipira ya kwenye maungio) zilizochoka, na tairi kubwa huongeza tatizo hilo maradufu.

Kagua pia habu za mbele, yaani vifungio vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli, ambazo katika magari mengi ya kizazi hiki hujifunga kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mirija ya mpira. Mirija hiyo ikipasuka, taa ya 4x4 kwenye dashibodi isikutulize. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, vuta hendibreki, ingiza 4x4, kisha inua tairi moja la mbele na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likizunguka bila kizuizi, habu hazijajifunga, na huko uendako utakuwa unaendeshwa na magurudumu mawili tu. Mimi niliziondoa na kuweka za kufunga kwa mkono. Ni usumbufu kidogo wa kushuka garini, lakini unapozungusha kitasa chake unajua hakika kilichotokea.

Fedha ya kwanza iende kwenye matairi. Springi ndefu huinua bodi na chasi, lakini ekseli na difu, lile kasha la gia lililo kwenye ekseli, hubaki palepale zilipokuwa, na kwenye jiwe au tuta la katikati ya njia difu ndiyo inayogonga. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Tairi la kiwandani la Jimny ya lita 1.3, la 205/70R15, lina kipenyo cha takribani milimita 668. La 215/75R15 lina takribani milimita 703, na hivyo difu hupanda milimita 18 hivi. La 235/75R15 hufikia milimita 733 na kuinua difu kwa takribani milimita 33, ila litahitaji springi ndefu na pengine kukatwa kwa kingo za bampa. Ushauri wangu kwa anayetumia gari hilohilo kwenda kazini ni 215/75R15, ambalo huingia bila kukata wala kunyanyua kitu. Injini ya lita 1.3 haina nguvu ya ziada, na tairi la 235 huifanya kila gia iwe ndefu kwa karibu asilimia 10. Mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya nne utaupanda kwa ya tatu, na mshale wa spidi ukionyesha 80 utakuwa unakwenda karibu 88.

Kuhusu aina, tairi la A/T (la njia za kila aina) linatosha kwa vumbi, mawe na mchanga wa njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero kando ya Ziwa Natron. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine: ukilowa hujaza nafasi zote za tairi hilo hadi likawa laini kabisa, na hapo ni tairi la M/T (la matope) lenye meno makubwa ndilo linaloweza kujisafisha. Hata hivyo M/T hupiga kelele kwenye lami na halishiki vizuri lami iliyolowa, kwa hiyo usilinunue kwa ajili ya sura.

Nunua pampu ndogo ya upepo inayotumia betri ya gari pamoja na kipimo cha upepo. Katika mchanga mzito wa makorongo ninashusha hadi psi 15 au 18, naendesha polepole bila kukata kona ghafla, kisha narudisha upepo kabla ya kufika lami. Kwa gharama iliyotumika, hakuna badiliko lililonisaidia kuliko hili.

Kazi ambayo karibu hakuna anayeitaja ni mirija ya kupumulia ya ekseli. Ekseli iliyopata moto barabarani ikiingia kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili na tundu fupi la kupumulia. Safari ikiisha, fungua boli ya difu: oili iliyoingiwa na maji hutoka na rangi ya chai ya maziwa, na beringi hazivumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Dawa yake ni hosi ya mafuta yenye kipenyo kinachoshika vizuri, vibano vichache na mchana mmoja wa kazi. Hosi ya mbele ipandishe hadi juu ndani ya chumba cha injini, ya nyuma ipite kwenye chasi hadi karibu na mdomo wa tangi. Iache ilegee kidogo, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka.

Sasa tuje kwenye urefu. Milimita 40 hadi 50 zinatosha, na kila milimita ni deni. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili. Ukiinua bodi, mikono hiyo huinamia chini na kuizungusha ekseli kidogo, hivyo mlalo wa kingipini, ambao mafundi huuita kasta, hupungua. Usukani huwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari huanza kuyumba. Hurekebishwa kwa bushi maalumu ambazo tundu lake halipo katikati. Peleka mikono kwenye gereji yenye mashine ya kukandamizia, usizigonge kwa nyundo. Fimbo ya ulalo inayozuia ekseli isiende kando nayo huivuta ekseli upande mmoja kwa milimita kadhaa, hivyo inafaa iwe ya kurekebishika. Shokapu ziwe za urefu unaolingana na springi. Mwisho, acha ekseli ining'inie kabisa, kata usukani hadi mwisho kila upande, na utazame hosi za breki: zikikaza, weka ndefu zaidi kabla gari halijatoka uani.

Katika kazi hii, stendi zikae chini ya chasi, kwenye sakafu ngumu, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Boli za bushi za mpira zifunge kwa mkono kwanza, kisha uzikaze kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira utabaki umejipinda muda wote na kupasuka mapema.

Bampa la chuma, winchi na keria ya juu ndivyo vinavyoharibu Jimny nyingi. Gari tupu la lita 1.3 ni takribani kilo 1,060 na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kama kilo 1,420. Katika tofauti hiyo toa uzito wa watu, maji, mafuta na chakula, uone kinachobaki. Wachile wawili walioifikisha Suzuki Samurai, mtangulizi wa Jimny hii, mita 6,688 katika mlima Ojos del Salado mwaka 2007 hawakuwa na gari zito. Badala ya winchi, mimi nabeba koleo, mbao mbili ngumu za kuweka chini ya tairi na kamba ya kuvutia yenye kunyumbuka, na nimefunga ndoano madhubuti kwenye chasi mbele na nyuma kwa boli za daraja la juu. Tufe la chuma la kuvutia trela lisifungwe kamba hiyo hata siku moja, kwa maana likikatika huruka kwa kasi inayoweza kuua.

Ukimaliza, pima upana kati ya matairi ya mbele, mbele na nyuma ya ekseli, uone kama yameelekea sawasawa, au upeleke gari kwenye alaimenti. Shusha taa za mbele zisiwaumize wanaokuja. Mjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi kilichobadilishwa. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, rudia kukaza boli zote ulizogusa, ukianza na zile za mikono ya ekseli na za fimbo ya ulalo.