Ukishapata leseni, jifunze kuruka bila sababu

Wengi wenu mkishapata leseni ya urubani binafsi huanza kungoja sababu: harusi Malindi, wageni wa kupeleka Maasai Mara. Msingoje. Raha kubwa niliyoipata Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, ni zile asubuhi nilizofungua pazia, nikaona vilima vya Ngong vimesimama wazi bila wingu, na muda si muda nikawa juu yake, sina ninakokwenda.

Lakini safari ya ghafla huandaliwa mapema. Ramani, maji na vifaa vya masikioni vikae kwenye begi moja siku zote. Mazoezi nayo yasilale: ndani ya siku 90 uwe umeruka na kutua angalau mara tatu, la sivyo huruhusiwi kubeba abiria, na rafiki uliyemwamsha alfajiri atabaki kukutazama kutoka kwenye uzio.

Haraka isiguse ukaguzi. Mimi huchota mafuta chini ya kila bawa, nikainua kikopo kwenye mwanga. Yawe na rangi ya buluu, na chini pasiwe na kitone kinachoviringika kama shanga. Hicho ni maji. Mwaga, chota tena, mpaka kiishe.

Ondoka asubuhi. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 27, ndege ndogo kama Cessna 172 hupanda kwa kujikokota kana kwamba uwanja uko futi 8,000. Aliyejifunzia pwani akumbuke pia kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka, maana huku hewa ni haba na bila hivyo injini itakosa nguvu.

Njia niipendayo ni ya Ziwa Magadi. Ukishavuka Ngong, ardhi inaporomoka ghafla kuelekea Bonde la Ufa, joto linapenya kwenye matundu ya hewa, kisha ziwa linatokea mbele, jeupe kwa magadi na jekundu kingoni. Kaa juu, usiwatimue heroe (flamingo).

Kurudi ndiko kunakotaka akili. Upepo wa mashariki ukivuka Ngong humwagika upande wa bonde, nawe unarudi ukiukabili. Siku moja nilikuwa nimeweka nguvu zote, pua imeelekea juu, na bado mshale wa kipimo cha kupanda na kushuka ukawa unaonyesha nashuka. Mitambo ya upepo pale kileleni ilianza kupanda kwenye kioo changu. Niligeuka papo hapo, nikarudi bondeni, nikazunguka taratibu nikitafuta kimo. Mara ya pili niliukabili mlima kwa mshazari, ili nikitaka kugeuka nisihitaji kona kubwa, huku nikiwa na nafasi ya kutosha juu ya kilele. Ndege ikatikisika mara mbili, ikatulia, na Nairobi ikajifunua yote chini ya pua.