Jibu kwa aliyeuliza: TSH imeshuka kutoka 38 hadi 14.2 baada ya wiki tatu, je, dawa haifanyi kazi?

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kwa faida ya wanaoingia sasa nalirejea kwa ufupi. Una umri wa miaka 34, uligundulika kwamba tezi yako ya thairoidi, iliyo shingoni, haitoi homoni ya kutosha, TSH (homoni inayoiamrisha tezi hiyo) ikiwa 38, ukaanzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo katika kidonge, mikrogramu 50 kwa siku. Baada ya wiki tatu ulikwenda maabara nyingine kwa uamuzi wako mwenyewe, ukapata TSH 14.2 na FT4, homoni ya tezi yenyewe katika damu, 13.1. Shemeji yako anakwambia uongeze dozi maradufu kwa sababu TSH bado imewekewa alama ya kuwa juu, ilhali jirani anasema uache dawa kwa sababu FT4 imeshaingia ndani ya kiwango. Uliuliza pia kuhusu kingamwili za TPO, zinazolenga kimeng'enya cha tezi hiyo, zilizofika 612, na mwishoni ukagusia kwamba mnatafuta mtoto wa pili. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na kidonge hiki nimekimeza kila siku tangu mwaka 2013, isipokuwa wiki tatu ambazo nitazieleza hapa chini kwa aibu kidogo.

Shemeji na jirani wamefanya kosa lilelile. Kila mmoja ameshika namba moja na kuitolea hukumu bila kuuliza ilichukuliwa siku ya ngapi tangu dozi ianze, saa ngapi, na mgonjwa alikuwa amemeza nini kabla ya kutolewa damu. Majibu ya thairoidi hayasomeki hivyo, hasa kwa mtu aliye kwenye dawa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo ukubwa wake unakaribia punje ya njegere, na kazi ya homoni hiyo ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Mimi huifikiria pituitari kuwa ni nyapara na tezi ya shingo kuwa ni kibarua: kibarua akilegea, nyapara hupaza sauti, kibarua akichapa kazi kupita kiasi, nyapara hunyamaza. TSH ni ile sauti ya nyapara, na ndiyo maana namba inakuwa kubwa pale homoni inapokuwa ndogo. FT4, yaani T4 (thairoksini, homoni ya tezi ya shingo) iliyo huru katika damu, ndiyo kazi yenyewe iliyokwisha kufanyika, iwe imefanywa na tezi yako au imetoka kwenye kidonge.

Sasa, nyapara huyu ana sauti kubwa kuliko tatizo lenyewe. FT4 ikipungua kwa nusu tu, TSH inaweza kupanda mara mia, kwa hiyo mwenye TSH ya 38 haumwi mara kumi zaidi ya mwenye 3.8, wala kushuka kutoka 38 hadi 14.2 si hatua ndogo. Isitoshe, nyapara akishakasirika hatulii siku ambayo kibarua ameanza kuchapa kazi. Thairoksini hukaa mwilini kwa muda mrefu, kwani huchukua takriban siku saba kwa nusu ya kiasi kilichopo kuondoka, na kwa sababu hiyo dozi mpya huhitaji kama wiki sita hadi kiwango cha homoni katika damu kitulie, na TSH nayo huchelewa nyuma yake. Ndiyo sababu madaktari hupima wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Kipimo chako cha wiki ya tatu ni sawa na kufunua chungu cha maharage yaliyowekwa jikoni nusu saa iliyopita: kinakuonyesha kwamba moto unawaka, lakini hakikwambii kama chumvi imetosha. Dawa inafanya kazi, na dozi itarekebishwa kwa kipimo kitakachofanyika kwa wakati wake. Wengi huanzishwa chini kisha hupandishwa polepole, na mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa hukaribia kuhitaji mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mimi nina kilo 62, na nimetulia kwenye mikrogramu 100.

Kwa jirani, jibu ni fupi: FT4 yako imeingia ndani ya kiwango kwa sababu ya kidonge. Ukikiacha, itatoka.

Hizo wiki tatu nilizozitaja zilinifundisha tofauti ya namba hizi mbili kuliko maelezo yoyote. Mwaka 2016 nilikwenda kwenye msiba wa baba mkubwa, nikasahau vidonge nyumbani, na kwa kuwa sikujisikia vibaya siku za mwanzo nikajiambia nitaendelea nikirudi. Msiba ukafuatwa na kikao cha ukoo, kikao kikafuatwa na mavuno, na niliporejea zilikuwa zimebaki siku sita tu kabla ya kliniki. Nikameza kila siku bila kukosa, na asubuhi ya kliniki nikameza viwili kwa pamoja, nikiamini kwamba nafuta deni. Majibu yalitoka TSH 16.4, na FT4 ikawa 19.6 katika kiwango cha 12 hadi 22, yaani nyapara anapiga kelele ilhali kazi inaonekana imejaa ghalani. Daktari aliyaangalia, akaniangalia, akaniuliza kama nameza dawa kila siku. Nikajibu, "Kila siku, daktari," jambo ambalo kwa siku sita zilizopita lilikuwa kweli.

Akanipandisha kutoka mikrogramu 100 hadi 150. Kabla ya miezi miwili kwisha nilikuwa naamka usiku moyo ukienda mbio kana kwamba nimepanda mlima, na darasani chaki ilikuwa ikicheza mkononi kiasi kwamba mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza kwa upole kama nina baridi. TSH ikawa 0.04. Hapo ndipo nilipokiri. Daktari hakunigombeza, alichukua kalamu akanichorea mistari miwili nyuma ya karatasi ya majibu, mmoja unaopanda na kushuka kwa saa, mwingine unaojikokota kwa wiki. FT4, alisema, huonyesha ulichomeza juzi na leo, na hupanda kwa saa kadhaa baada ya kidonge. TSH hukumbuka mwezi mzima. Ukikuta TSH iko juu wakati FT4 ni nzuri au inaelekea juu kwa mtu aliye kwenye dawa, swali la kwanza ni kama vidonge vilirukwa kisha vikamezwa harakaharaka karibu na kipimo. Mpaka leo sielewi kwa nini nilidhani naweza kuidanganya damu yangu mwenyewe.

TSH iliyozama chini, kama ile yangu ya 0.04, kwa kawaida humaanisha dozi imezidi, na si jambo la kufurahia hata kama umepungua uzito. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, huongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio na ya mifupa kudhoofika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Kwa wazee, kwa upande mwingine, madaktari wengi huridhika na TSH iliyo juu kidogo kuliko ya kijana, kwa hiyo usilinganishe majibu yako na ya mama mkwe.

Kuna wakati vidonge vinamezwa kwa uaminifu na bado TSH inapanda. Hilo lilinipata mwaka 2019, ilipofika 7.1 bila sababu niliyoijua. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja asiye na haraka, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukishameza, unakula nini, na baada ya muda gani? Nilikuwa nimeanza kunywa uji wa lishe, ule wenye unga wa soya, na kidonge nilikuwa nikikisukuma na kikombe hichohicho ili niwahi daladala. Soya hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa tumboni, kahawa pia, na madini ya chuma na kalisi ndiyo mabaya zaidi, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu, vya kalisi na vya kutuliza asidi ya tumbo vinapaswa kukaa mbali na levothairoksini kwa saa nne. Tangu hapo nameza kwa maji matupu ninapoamka saa kumi na moja alfajiri, na chai ya maziwa hunikuta baada ya saa moja. Wakati wa Ramadhani, kwa makubaliano na daktari, nameza usiku saa tatu baada ya kula futari, kabla ya kulala. Dozi haikubadilishwa hata kidogo, lakini kipimo kilichofuata kilikuwa 2.6.

Ukihama maabara, kama ulivyofanya, angalia vipimio kabla hujashtuka. FT4 ya 1.3 kwa ng/dL na FT4 ya 16.7 kwa pmol/L ni kiasi kilekile, kwani ile ya kwanza huzidishwa kwa 12.87 kupata ya pili. Namwonea huruma mwenzangu mmoja kazini aliyelia ofisini akidhani homoni yake imeshuka kutoka 16 hadi 1. Kila mashine pia ina kiwango chake cha kawaida, kilichoandikwa pembeni ya jibu. Kwa TSH mara nyingi ni karibu na 0.4 hadi 4.0, lakini usichukue kiwango cha maabara moja ukapimia jibu la nyingine. Kama unaweza, baki kwenye maabara moja, na uende saa zilezile za asubuhi, kwani TSH hubadilika ndani ya siku, ikiwa juu usiku na chini mchana.

Umesema unatumia vidonge vya nywele na kucha. Soma kopo. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini, kwa kiasi kikubwa, na bayotini huivuruga mashine katika aina kadhaa za vipimo, kiasi kwamba TSH hutoka chini kuliko ilivyo na FT4 hutoka juu. Mtu mwenye upungufu anaweza kuonekana amezidishiwa dawa kumbe tatizo liko kwenye kopo la urembo. Viache angalau siku mbili kabla ya kipimo, na umtajie daktari kwamba unavitumia. Vilevile usipime ukiwa umetoka kuugua malaria au homa nyingine kali, isipokuwa daktari ametaka, kwa kuwa ugonjwa mkubwa hushusha homoni hizi, na TSH inaweza kuruka juu kwa muda wakati mwili unapopona.

Kuhusu kingamwili za TPO, namba hiyo ya 612 imekwisha kufanya kazi yake. Imekueleza chanzo: kinga ya mwili wako ndiyo inayoishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912 na unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Haipimi kama dozi inatosha, na matibabu yako hayatabadilika ikiwa 612 au 200, kwa hiyo pesa ya kuirudia iwekee nauli. T3 nayo, homoni nyingine ya tezi, ambayo maabara hupenda kuiweka kwenye kifurushi, mara chache humsaidia mtu aliye kwenye levothairoksini. Anayepaswa kusoma majibu yake kwa namna tofauti kabisa ni yule ambaye pituitari yenyewe imeharibika, kwa mfano baada ya kutokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Kwake nyapara amepoteza sauti, TSH inaweza kuonekana nzuri kwenye karatasi wakati homoni imekwisha, na daktari hufuata FT4. Wewe, kwa TSH ya 38, humo katika kundi hilo.

Hilo la mtoto wa pili uliliandika kana kwamba ni la pembeni, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie daktari sasa, kabla ya mimba, kwa sababu hupenda TSH iwe chini ya 2.5 kabla hamjaanza kujaribu, na katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama. Mimba huongeza mahitaji ya dawa mapema, kwa kawaida kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 30, na wengine huelekezwa tangu awali waongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu kipimo cha mimba kinapoonyesha mistari miwili, kisha wapime kila baada ya wiki nne hadi katikati ya mimba. Uliza maelekezo yako yatakuwaje ili usisubiri tarehe ya kliniki ukiwa na ujauzito. Kliniki ya wajawazito watakupa vidonge vya kuongeza damu. Zikumbuke zile saa nne.

Kwa hiyo usiongeze na usiache. Endelea na mikrogramu 50, hesabu wiki tatu zaidi, na katika daftari dogo andika tarehe uliyoanza, saa unayomeza, siku ulizoruka bila kuzipunguza, na kila kidonge kingine unachotumia, kisha ukaonyeshe kwa daktari pamoja na karatasi zote mbili. Asubuhi ya kipimo usimeze kidonge kabla ya kutolewa damu. Kiweke kwenye mkoba pamoja na chupa ya maji, na ukitoka tu chumba cha kutolea damu, wakati bado umeshikilia pamba mkononi, kimeze hapohapo kwenye benchi.