Vijiti vya kijani visivyo na majani: mnyaa au kaktasi?

Ndugu, mmea wako wa chungu uliouelezea, wenye vijiti laini vya kijani visivyo na miiba, unaweza kuwa mnyaa, Euphorbia tirucalli, uleule unaopandwa kuwa ua wa boma sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, au Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee inayoota kiasili barani Afrika. Tazama kwanza mkao wake, kwa kuwa mnyaa husimama wima na huchipua vijani vidogo nchani ambavyo hudondoka mapema, ilhali Rhipsalis huning'inia na huzaa vitunda vyeupe vinavyopenyeza mwanga. Bado una shaka? Vaa glavu, kinga macho, kisha ukwaruze kijiti kimoja kidogo tu: utomvu mweupe kama maziwa huiondoa Rhipsalis kabisa. Nakusihi usipuuze tahadhari hiyo, maana utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kumpofusha mtu kwa muda. Tupigie picha ya ncha, ya maungio ya matawi na ya mmea mzima kando ya rula, kwa sababu picha ya mbali haitutoshi kuamua.