Mmea Uliorefuka Lakini Haukuwahi

Barua za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, lakini kilio ni kimoja. Mmea umestawi, majani yamejaa, jirani anasifu, ila kile kilichongojwa hakikutoka, au kimetoka hali ya hewa ishageuka. Naanza na aliye mbali zaidi.

Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa Kuze, sasa naishi Hamburg mwaka wa 11. Sheria ya huku inamruhusu mtu mzima kupanda miche michache ya bangi nyumbani. Mwaka jana nilipanda 3 kwa mbegu alizonipa rafiki, akasema asili yake nchi za joto. Ilinipita kimo. Kufika katikati ya Oktoba maua bado machanga, mvua na baridi zikaingia, yakaoza yote. Nilikosea wapi?

Marahaba mwanangu. Nakujibu kwa sababu uko panaporuhusiwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaweza kupanda hadi miche 3 kwa matumizi yake na kuweka nyumbani gramu 50 za bangi iliyokauka, bora watoto wasiifikie. Mimi si mtetezi wa moshi huo. Nimewaona vijana wa mitaa yetu waliopotezwa nao, na mama zao nawajua. Lakini swali lako ni la kilimo, na mtu aliyeulea mmea miezi 5 akaambulia uozo namwonea uchungu.

Hukukosea mbolea wala maji. Ulikosea mbegu. Bangi huhesabu usiku: usiku ukiwa mfupi hukua tu, ukirefuka ndipo hutoa maua. Hamburg mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 17, usiku umebaki saa 7. Mmea unajiona una wakati wote wa dunia. Aina zilizozoea kaskazini huanza kuchanua Agosti, usiku ukishaanza kurefuka, na huhitaji wiki 7 hadi 9 kukomaa. Zenye asili ya joto husubiri usiku ukaribiane na mchana, jambo ambalo huko ni la Septemba, kisha hutaka wiki 12 au zaidi. Hesabu kwa vidole: utafika Desemba. Hakuna mmea wa uani utakaokungojea Desemba ya Hamburg.

Kwa hiyo mwaka huu tafuta mbegu za aina inayowahi. Ziko zile za kaskazini zinazokomaa mwishoni mwa Septemba, na ziko zile zinazochanua kwa umri wake bila kujali usiku, zilizochanganywa na bangi fupi ya porini ya Urusi na Asia ya Kati. Hizi za pili huchukua wiki 10 hadi 12 tangu kuota, kwa hiyo ukizitoa nje mwishoni mwa Mei, Agosti umeshavuna jua likiwa bado kali. Kasoro yake ni kwamba hubaki fupi na hazisamehe: ukiidumaza katika wiki 3 za mwanzo, haina muda wa kufidia. Usiwe na haraka ya kutoa miche nje. Wakulima wa Kijerumani husubiri zipite siku wanazoziita za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, maana baridi ya usiku hurudi ghafla wakati huo. Wafuate, wamekaa na ardhi ile miaka mingi kuliko wewe na mimi.

Ikiwa mbegu unayo ile ile na huna nyingine, iko njia ya kuupa mmea usiku wa kutengeneza. Panda ndani ya ndoo, na kuanzia katikati ya Julai ufunike kwa turubai jeusi lililowambwa juu ya fremu, saa 1 jioni mpaka saa 1 asubuhi, kila siku. Acha nafasi chini hewa ipite. Baada ya wiki 2 hivi utaona maua. Ukiruka siku moja moja, au taa ya jirani ikapenya, mmea unachanganyikiwa na kazi yako imepotea. Ni utumwa, sikufichi, na aina ya wiki 12 bado itakubana.

Kuhusu uozo wenyewe, huo ni ukungu wa kijivu, ule ule unaokula zabibu na stroberi. Huanzia ndani ya ua nene, ndiyo maana hukuuona. Dalili yake ya kwanza ni ndogo sana: jani dogo moja tu katikati ya ua linanyauka na kuwa la kahawia huku wenzake wazima. Livute polepole. Likichomoka bila kushikilia, lifunue ua, utakuta vumbi la kijivu na kikonyo kimelainika. Kata chini zaidi ya palipooza, tia mfukoni, tupa mbali, osha mkasi. Usijaribu kukausha na kutumia kilichobaki pale, ukungu ule si wa kuvuta mapafuni. Baada ya mvua tikisa matawi maji yadondoke, na kuanzia Septemba peleka ndoo chini ya paa. Ikitabiriwa wiki nzima ya mvua na maua yamekaribia, vuna. Pungufu mkononi ni bora kuliko kamili iliyooza.

Na ukija likizo, vyote viache huko huko, mbegu pia. Kushuka uwanja wa ndege wa Moi na kitu hicho mkobani ni kumfungulia mama yako mlango wa mahakama.

Mama, nami niko Likoni. Je, bangi huku inakubali?

Sheria haikubali. Kenya inakataza kupanda bangi, kwa sheria ya dawa za kulevya ya 1994, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Kipande chako cha ardhi kina mambo mengine mazuri ya kufanya. Niandikie una ukubwa gani na maji unapata wapi, tutazungumza.

Dada yangu aliniletea mbegu za vitunguu kutoka Uingereza, pakiti ina picha ya vitunguu vikubwa kama ngumi. Nimevimwagilia miezi 5 hapa Kisauni, nanunua maji ya mkokoteni, na chini hakuna kitu. Majani tu, shingo nene kama kitunguu cha majani. Mama Mapacha.

Pole Mama Mapacha, na hasa kwa pesa ya maji. Vitunguu vyako havina ugonjwa. Kitunguu maji ni kinyume cha bangi ya yule kijana: chenyewe hungoja mchana mrefu ndipo kivimbe. Aina za Ulaya ya kaskazini hutaka mchana wa saa 14 hadi 16. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa, Desemba, ni saa 12 na dakika kama 20, na mfupi kabisa, Juni, haupungui kwa zaidi ya nusu saa. Ungevimwagilia miaka 5 vingekaa hivyo hivyo vikingojea majira yasiyofika pwani.

Yakate majani uyatie kwenye kachumbari na mayai, usitupe. Kisha nenda duka la pembejeo uulize Red Creole au Bombay Red, hizi zinatosheka na mchana wetu. Sia kitaluni Septemba, hamisha Oktoba au Novemba, na hesabu miezi 4 hivi. Lengo ni kung'oa Februari, jua likichoma na udongo mkavu, maana kitunguu kinachokomaa chini ya mvua ya masika huoza shingo kabla hujakifikisha jikoni. Wiki 2 za mwisho acha kumwagilia kabisa. Najua moyo utakuuma kuona majani yamelala. Yaache yalale.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tononoka. Mwalimu alisema mimea mingine inajua muda. Inajuaje na haina macho?

Swali tamu. Katika majani mna rangi maalumu iitwayo fitokromu. Mwanga wa jua huigeuza kuwa hali moja, na gizani hurudi taratibu katika hali nyingine. Mmea huyalinganisha mabadiliko hayo na saa yake ya ndani, na usiku ukiwa mrefu wa kutosha hujua majira yamegeuka, na jani hupeleka ujumbe kwenye ncha itoe ua.

Waliofungua mlango huu ni Wamarekani wawili, Garner na Allard, walioandika matokeo yao 1920. Walikuwa na tumbaku iliyokuwa ikirefuka kiangazi chote bila kuchanua, lakini ikiingizwa kwenye nyumba ya vioo wakati wa baridi inachanua vizuri. Walijaribu joto, mbolea, unyevu, wapi. Mwisho wakaanza kuiingiza mimea kwenye kibanda chenye giza kabla jua halijatua, nayo ikachanua katikati ya kiangazi. Baadaye wengine waligundua kwamba kinachohesabiwa hasa ni giza lisilokatizwa: mulika mmea wa namna hii kwa dakika chache usiku wa manane, na kwake usiku ule ni kama haukuwako. Shika hilo, uone barua inayofuata.

Mkwe wangu wa Makueni alinipa mbegu za mbaazi. Nimezipanda Changamwe Oktoba mwaka jana. Sasa ni miti, inapita dirisha, lakini huu mwezi wa Agosti na maua ni ya kuhesabu. Upande wa barabara, iliko ile taa kubwa ya mulika mwizi, hakuna hata moja. Nikate?

Usikate bado, bwana. Una mambo mawili hapo.

La kwanza, mbaazi hiyo ni ya bara. Ukambani hupandwa na mvua za Oktoba na Novemba, hukaa ardhini karibu mwaka, huchanua mwaka unaofuata katika miezi ya baridi. Imezoea ubaridi wa huko, na joto letu linaichelewesha. Watafiti waliwahi kuipanda mbaazi ya aina mbalimbali kwa ngazi, kuanzia Kabete kwenye baridi, ikashuka Katumani, Kiboko, hadi Mtwapa hapa karibu na bahari, nyingine wakaiongezea taa za usiku. Zile za muda mrefu za nyanda za juu zilipata taabu kuchanua kwenye joto la Mtwapa, na zile za muda mfupi hazikujali sana.

La pili umelijibu mwenyewe. Mbaazi nayo husikiliza usiku, na mti uliosimama chini ya mulika mwizi hauna usiku. Taa ile siwezi kukuambia uombe izimwe, sote tunajua mtaa ulivyokuwa kabla haijasimamishwa. Upande ule panda kitu kisichojali, mpapai au kisamvu. Mbaazi iweke nyuma ya nyumba.

Hiyo uliyonayo iache hadi Oktoba uvune itakachotoa. Mwakani tafuta mbegu ya muda mfupi au wa wastani, na kituo cha utafiti cha Mtwapa ni mahali pazuri pa kuulizia. Zikianza kufunga maganda, pita asubuhi utafute viwavi na matundu yao ya mviringo, la sivyo watakula wao kabla yako. Mbaazi mbichi iliyochumwa asubuhi ikatiwa tui zito siku hiyo hiyo, na mahamri ya moto pembeni, ndiyo sababu nasema usikate.

Nyanya zangu Bamburi zinachanua halafu maua yanadondoka yote. Nilipanda Januari. Miche mingine ikanyauka mchana wa jua na haikuinuka tena.

Nyanya haijali urefu wa usiku, inajali joto lake. Usiku ukibaki na joto linalopita nyuzi 21, kama wa kaskazi yetu ya Februari na Machi, chavua huharibika na ua huanguka bila tunda. Kisha masika yanakuja na bakajani, na hapo umekwisha. Hayo masika ndiyo baridi ya Oktoba ya yule kijana wa Hamburg: usiyategemee kukusubiri. Sia kitaluni Mei chini ya kivuli cha plastiki mvua isipige miche, hamisha Juni upepo wa kusi ukishapoza usiku, na Agosti hadi Oktoba utachuma. Chomeka vijiti, funga matawi yasiguse udongo, mwagilia chini asubuhi, usimwage juu ya majani.

Ile iliyonyauka ikiwa bado kijani, ichunguze kabla ya kupanda tena. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, usikitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka pale ulipokata, ni mnyauko wa bakteria, umo ardhini, na dawa ya kupuliza haiufikii. Ng'oa uchome, na hapo usipande nyanya, biringani, pilipili wala viazi kwa miaka 3 angalau. Panda mahindi au mchicha, na nyanya zako zitie kwenye ndoo zenye udongo uliotoka kwingine. Maji yakibaki safi bila uzi huo, tuandikiane tena, na unieleze kama unamwagilia kwa maji ya kisima chenye chumvi.