Maswali Yenu: Maktaba ya Watoto Sebuleni

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma, na zote zinahusu kuazimisha watoto vitabu nyumbani.

Shikamooni. Nina vitabu vya hadithi kama 70, vingi vya wanangu waliokwisha kukua. Likizo iliyopita nilianza kuwaazima watoto wa mtaani, nikiandika majina kwenye daftari. Baada ya mwezi sikujua kitabu gani kiko kwa nani. Nianze vipi upya? (Mama wa Gungu)

Marahaba, mama. Vitabu 70 ni vingi. Hata 40 vingetosha. Kilichokuangusha ni daftari. Daftari hufuata siku, sasa ukitaka kujua kitabu fulani kiko kwa nani inabidi upekue kurasa zote. Tumia kadi, moja kwa kila kitabu.

Nunua manila. Karatasi ya sentimita 84 kwa 59 inatoa kadi 56 za sentimita 12 kwa 7, kwa hiyo mbili zinakutosha na nyingine zinabaki. Juu ya kadi andika namba na jina la kitabu. Chini yake chora safu tatu: jina la mtoto, tarehe ya kurudisha, alama ya kurudi. Ndani ya jalada la nyuma bandika mfuko wa bahasha ya kaki. Kitabu kikiwa rafuni, kadi hulala humo. Mtoto akikichukua, kadi inatolewa, inaandikwa, na inabaki kwako kwenye boksi la viatu, zikipangwa kwa tarehe ya kurudisha. Jumamosi ukifunua boksi, kadi za mbele kabisa ndizo za waliochelewa.

Namba iandike kwa wino mahali pawili: ndani ya jalada, na tena ukurasa wa 7 wa kila kitabu. Jalada ndilo la kwanza kung'oka. Daftari nalo lisitupwe, ila lipewe kazi yake: orodha ya vitabu kwa namba, na orodha ya watoto pamoja na simu ya mzazi. Kaunta buku ya kwaya mbili itakaa miaka.

Mfumo wa desimali wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, waachie maktaba kubwa. Wewe bandika utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu: nyekundu ni picha na sentensi moja kila ukurasa, njano ni aya fupifupi, kijani ni hadithi ndefu zenye sura. Hata mtoto ambaye bado hajajua kusoma anaijua rangi yake.

Mtoto mmoja, kitabu kimoja, siku saba. Fungua mara mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatano saa 10 hadi 12 jioni na Jumamosi asubuhi. Ukifungua kila siku utapigiwa hodi mpaka usiku, na kitabu ulichokipokea mlangoni huku unasonga ugali ndicho kitakachosahauliwa kurudishiwa kadi yake.

Rafu yangu ya mbao nimeiegemeza ukutani. Masika vitabu viliota ukungu, na mchwa wakala vya chini kuanzia nyuma, bila mimi kuwaona. Je, niweke nafthalini? (Msomaji, Ujiji)

Nafthalini usiweke. Vile vidonge vyeupe vya kabatini ni sumu, na mtoto mdogo huvidhania pipi. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni Afrika, hata mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Mchwa walianzia nyuma kwa sababu rafu imegusa ukuta. Mdudu huyu hukimbia mwanga na hewa kavu, kwa hiyo hupanda ukutani ndani ya kijia cha udongo na kuingilia pale ubao unapogusana na ukuta. Isogeze rafu sentimita 10 kutoka ukutani. Ubao wa chini uwe sentimita 20 juu ya sakafu, na miguu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, yazungushiwe ubao watoto wasiyafikie. Makopo yachungulie kila mwezi: vumbi na nyuzi za ufagio hutanda juu ya oili mpaka mchwa wakapata daraja. Kila wiki piga tochi nyuma ya rafu. Ukiona kijia kinene kama penseli, kibomoe, kisha ufuatilie kinakotokea.

Ukungu ni habari ya unyevu na hewa isiyotembea. Usivibananishe vitabu. Kilicholowa kisimamishe wima kikiwa kimechanuka, kivulini penye upepo, ukichomeka tishu kila baada ya kurasa kumi na kuzibadilisha zikilowa. Jua kali litakunja jalada na kupausha picha. Ukungu usiupanguse ungali mbichi, utaupaka tu kurasa nyingine. Subiri ukauke, toka nje, funga kitambaa puani, tumia brashi laini. Kava la nailoni kivishe baada ya kitabu kukauka kabisa, vinginevyo unaufungia unyevu ndani.

Vijitabu vya pini vinaachia kurasa za katikati, na selotepu niliyobandika imegeuka njano. (Mwalimu, Mwanga)

Selotepu isiguse ukurasa wa kitabu. Joto huyeyusha gundi yake, gundi inanasa vumbi, na kurasa mbili zinashikana. Na pini zenyewe, kwa hewa ya kando ya ziwa, hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayokata karatasi.

Shona. Inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, uitoe. Fungua kijitabu katikati, linganisha kurasa, kisha kwenye mkunjo toboa matundu matatu kwa shazia: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Kata uzi mnene wa pamba, urefu wa kitabu mara tatu, uupake nta ya mshumaa. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani na uache mkia wa uzi. Rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati, toka nje kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la kati. Mikia miwili ikae huku na huku ya uzi mrefu uliopita katikati, uifunge juu yake. Ukiifunga pembeni, mshono utalegea ndani ya wiki.

Vitabu vinarudi na madoa ya mawese. (Msomaji, Kibirizi)

Doa likiwa bichi, gandamiza tishu pande zote mbili bila kusugua, nyunyiza vumbi la chaki, ulaze kitabu usiku kucha, asubuhi ulipanguse. Mafuta yatapungua, wekundu hautaisha wote. Ndoo ya koki, sabuni na taulo mlangoni vitakusaidia kuliko chaki.

Kitabu kinachopendwa ninacho kimoja. Naweza kukitoa kopi tano? (Kijana wa Katubuka)

Hapana. Kuazimisha nakala uliyoinunua ni jambo moja. Kudurufu kitabu kizima bila idhini ni kuingilia haki za mwandishi na mchapishaji, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda. Tafuta African Storybook kwenye intaneti: hadithi zake zina leseni huria, za Kiswahili zipo, na unaruhusiwa kuchapa ukibakiza majina ya watunzi. Hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, zimechapwa pande zote. Stesheneri omba printa ya leza. Wino wa maji hutoka mtoto akishika kwa mkono uliolowa.

Mtoto akipoteza kitabu nimlipishe? (Mama wa Gungu, tena)

Ukidai bei kamili, mtoto hatarudi, na ndugu zake watafuata. Mzazi alete kitabu kingine chochote cha watoto. Akishindwa, mtoto aje avishe makava vitabu vitano. Hasara kubwa utaiona Juni na Desemba, watoto wanapokwenda kwa bibi Kasulu au Kibondo na kitabu kikiwa kwenye begi. Katika wiki mbili za mwisho wa muhula, tarehe yoyote unayoandika kwenye kadi isivuke Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, hata kama siku saba hazijatimia.